Ziara ya siku moja Maskati kwenye nyayo za Sultani Qaboos: nyota nne

Kwa mwenye haraka: ichukueni ziara hii ya kumfuata Sultani Qaboos, aliyeitawala Omani 1970 mpaka 2020, lakini ombeni Bait Al Falaj, ngome iliyofanywa makumbusho ya majeshi, iwe ya kwanza na ipewe asubuhi nzima. Nimewapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya sentensi moja aliyoisema kijana aliyetutembeza, na sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha leo kuandika.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, Unguja. Kila mwaka tukifika kwenye somo la Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Zanzibar, lazima atokee mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, na kule alikotoka kukawaje?" Kitabu tunachofundishia hakijibu. Omani inatoka kwenye somo pamoja na jahazi la Sayyid, hairudi tena. Wanafunzi hao hao wanapita Forodhani na kuliona Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, lililoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 wakati linatengenezwa kwa fedha za Omani. Basi wanajua kuna nchi huko, ina fedha na ina uhusiano na sisi. Hawajui ilivyojengeka.

Mwaka huu nilipata wiki tatu za kuja kumtazama ami yangu hapa Maskati. Ami aliondoka Unguja kijana, akapitia Mombasa na Dubai, akaingia Omani mwaka 1972. Kuanzia 1973 mpaka 1977 alikuwa karani wa stoo Salalah, kwenye idara ya misaada ya raia iliyofanya kazi bega kwa bega na jeshi wakati wa vita vya Dhofar, jimbo la kusini lililomwasi Sultani. Sasa ana miaka 73, goti la kulia linamsumbua, na tangu astaafu hapendi kutoka. Niliponunua nafasi mbili za ziara hii nilitaka mambo mawili: nipate cha kuwafundishia wanafunzi wangu, na nimtoe Ami nyumbani.

Kampuni ni ndogo, ina gari tatu. Jina nalihifadhi kwa kuwa malalamiko yangu nimewafikishia wenyewe na wameyapokea kwa moyo mzuri. Anayetaka namba yao aniulize nimpe faraghani. Bei ni riali 22 kwa mtu, chakula cha mchana kimo. Walisema watatufuata saa mbili asubuhi, wakafika saa tatu kasoro dakika 20, lakini walipiga simu kuomba radhi kabla sijawapigia. Gari safi, kiyoyozi kinafanya kazi, maji ya baridi hayakwisha. Na kuna jambo moja nawashukuru kwa dhati. Kijana alipomwona Ami anavyoshuka ngazi za nyumbani, alirudi nyuma ya gari akatoa kibao cha mbao, chenye kimo cha kiganja, akakiweka chini ya mlango ili Ami akanyage. Alifanya hivyo kila tulipopanda na kila tuliposhuka, siku nzima, bila kuambiwa.

Tangazo lao linasema wanaye mwongoza watalii anayezungumza Kiswahili. Ni kweli. Mama yake kijana ni wa asili ya Unguja, na yeye mwenyewe kazaliwa Maskati. Kiswahili chake ni cha jikoni kwa bibi: maneno ya chakula na ya kugombezwa anayo yote, ya serikali na ya jeshi anayatafuta kwenye Kiarabu. Alimwamkia Ami shikamoo, akamwita "Ami" vilevile, na mimi akaniita "Mwalimu". Tulielewana bila taabu.

Bait Al Falaj iko Ruwi, ngome nyeupe iliyozungukwa na majengo marefu na barabara zenye magari mengi. Ilijengwa karibu na 1845, zama za huyu huyu Sayyid Said wetu, ambaye wakati huo maisha yake yalikuwa Unguja. Mwezi Januari 1915 jeshi la Imamu aliyeongoza makabila ya bara ya Omani, watu wapatao 3,000, lilikuja mpaka hapa likitaka kuiteremkia Maskati, likarudishwa na askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Waingereza. Baadaye ngome ikawa makao makuu ya jeshi la Sultani. Sultani Qaboos aliifungua kuwa makumbusho ya majeshi tarehe 11 Desemba 1988. Shikeni tarehe hiyo ya 11 Desemba, nitairudia.

Huzunguki peke yako humu. Unapewa mwanajeshi wa kukuongoza. Wetu alikuwa mtu wa makamo, sare imepigwa pasi mpaka mistari inakata. Alizungumza Kiarabu, kijana wetu akawa anatafsiri. Nilisimama muda mrefu kwenye milango ya kuchonga, kwa sababu mkono ule naujua. Mtu wa Mji Mkongwe hahitaji mkalimani mbele ya mlango kama ule.

Vyumba vya chini ni historia ya nchi, vya juu ni mambo ya jeshi na uhusiano na mataifa. Nje kuna silaha na vyombo vya vita ambavyo watoto watavipenda. Sisi tulivipita upesi, jua lilikuwa limeshapanda.

Sehemu ya ujana wa Qaboos, yule kijana wetu aliisimulia vizuri sana, na hapa nampa haki yake. Alizaliwa Salalah tarehe 18 Novemba 1940. Baba yake, Sultani Said bin Taimur, alimpeleka Uingereza, na mwaka 1960 akaingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Alihitimu 1962, akapangiwa kikosi cha kwanza cha Cameronians, kikosi cha Waskochi, akatumikia mwaka mmoja Minden, Ujerumani Magharibi. Hebu lifikirieni hilo. Mrithi wa kiti cha Maskati anasimama gwaride kwenye baridi ya Ujerumani, afisa wa ngazi ya chini, anakaguliwa viatu. Baada ya hapo alisoma utawala wa serikali za mitaa Bedford, akazungushwa nchi mbalimbali miezi mitatu, akarudi nyumbani mwaka 1964.

Akafungiwa. Hakutiwa pingu, lakini kwa miaka sita alikaa ndani ya kasri la Al Hosn, Salalah, hana kazi, anasoma dini na historia ya nchi yake, na wanaoruhusiwa kumwona ni wachache. Kijana alipolitaja hilo nikahesabu kichwani. 1964 ni mwaka wa mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka huo huo watu wetu wanatawanyika, wengine Mombasa, wengine Cairo, wengine Kuwait, na mtu atakayekuja kuwafungulia mlango miaka sita baadaye ndiyo kwanza anafungiwa wa kwake. Nimelifundisha somo la 1964 mara nyingi, na sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Sasa ile sentensi. Tulipofika kwenye mwaka 1970 kijana alisema: "Tarehe 23 Julai Sultani Qaboos akashika nchi." Kisha akasogea mbele.

Nikamwuliza: "Akashika vipi?" Akaniangalia, akamwangalia Ami, akasema kwa Kiarabu neno ambalo Ami alilitafsiri kuwa ni "kwa kheri", yaani bila ubaya. Nilikasirika, siwafichi. Nimelipa niambiwe historia. Lililotokea linajulikana: Qaboos alimpindua baba yake, ndani ya kasri la Salalah, akisaidiwa na maafisa wa Kiingereza waliokuwa wakilihudumia jeshi la Sultani, na mmoja wao alikuwa mwenzake tangu Sandhurst. Said bin Taimur alijeruhiwa mguu katika purukushani ile, akatia saini hati ya kuachia kiti, akasafirishwa na ndege mpaka London, na huko huko akafa mwaka 1972. Kuyasema haya hakumpunguzii marehemu Qaboos chochote. Ukiyaruka, msikilizaji hawezi kupima uzito wa aliyoyafanya kesho yake, kwa sababu hajui alianza na nini mkononi: kiti alichokitwaa kwa baba yake, jeshi linaloongozwa na wageni, na jimbo la Dhofar linalowaka moto.

Hapo ndipo Ami alipoanza kuzungumza. Yule mwanajeshi alikuwa amemwuliza kama amewahi kutumikia, Ami akajibu kwamba yeye hakushika bunduki, alishika daftari la stoo Salalah, 1973 mpaka 1977. Mwanajeshi akaenda akarudi na kiti, akakiweka, akasimama pembeni. Kwa muda wa saa nzima, ziara ikawa ya Ami.

Vita vya Dhofar vilianza 1965. Watu wa milimani walikuwa na sababu. Mafuta yalianza kusafirishwa nje mwaka 1967, fedha ikaanza kuingia, na bado nchi nzima mpaka 1970 ilikuwa na skuli tatu, wanafunzi 909, wavulana watupu, na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10. Yemen ya Kusini ilipopata uhuru 1967, waasi wakapata mgongo wa kuegemea, silaha zikapita mpakani. Kufika 1970 milima yote ilikuwa yao, serikali imebaki na Salalah na kamba nyembamba ya pwani.

Sultani mpya, mwenye miaka 29, aliyefundishwa vita na Waingereza, alianza na msamaha. Anayeteremka mlimani na bunduki yake hafungwi. Anaulizwa ni wa kabila gani, anaunganishwa na wenzake, wanapewa mshahara na kupangwa kuwa kikosi cha kulinda eneo lao wenyewe, chini ya wakubwa wao wenyewe. Vikosi hivyo viliitwa firqa. Ami anasema siku za mwanzo walipokuwa wakija stoo kuchukua unga, makarani walikuwa wakiogopa kuinua macho. Jana adui, leo anatia dole gumba kwenye daftari lako.

Halafu maji. Hili nataka nilieleze taratibu kwa sababu ndilo nililolikosa katika kila nililowahi kulisoma, na limo kichwani mwa Ami, mzee wa mtaa wa Al Khoudh hapa Maskati. Jeshi likishika mahali mlimani, firqa wa pale huulizwa: kisima mnakitaka wapi? Wakionyesha, tingatinga linachonga njia, mtambo wa kuchimba unapandishwa, kisima kinachimbwa, pampu inafungwa, na mabirika ya kunyweshea ng'ombe yanajengwa. Watu wa milima ile ni wafugaji. Wakati wa kiangazi walikuwa wakiswaga ng'ombe mwendo mrefu kutafuta maji. Maji yakitoka, watu wanakuja wenyewe na mifugo yao. Wakishakuja, linafuata duka, zahanati, skuli, msikiti. Na kulikuwa na sharti linalojulikana na kila mtu: risasi zikirudi mahali pale, pampu inazimwa. Basi wenye ng'ombe ndio waliokwenda kuwaambia watoto wao walioko msituni waache.

"Vita mimi niliviona kwa mabomba," Ami alisema. "Inchi mbili, inchi tatu, viungio, mipira ya kuzuia maji yasivuje. Nikiona oda ya mabomba ya inchi tatu imekuja, najua tumepata mlima mwingine." Aliinua kidole na cha gumba kuonyesha unene wa bomba la inchi mbili, mkono ukatulia hewani hivyo hivyo akiendelea kusimulia. Yule mwanajeshi, ambaye nadhani 1975 alikuwa bado hajazaliwa, alimwomba kijana atafsiri kila neno.

Kuna jambo ambalo sisi wa pwani tunaweza kulielewa kuliko wageni wengi. Upepo wetu wa kusi ndio huo huo unaokwenda kugonga milima ya Dhofar na kuifunika ukungu na manyunyu kuanzia Juni mpaka Septemba. Wao wanauita khareef. Miaka ya mwanzo jeshi lilikuwa likipanda mlimani msimu wa jua, kusi likiingia linateremka, waasi wanarudi walipokuwa. Mwezi Oktoba 1971 waliendesha operesheni kubwa ya kupanda, na msimu uliofuata wakabaki juu, kusi likawakuta huko huko. Baada ya hapo watu wa milimani wakaanza kuamini kwamba hawa hawaondoki. Ukungu wa kusi huo huo ndio waliojificha nao waasi walioishambulia Mirbat alfajiri ya 19 Julai 1972, wakakaribia kuutwaa mji kutoka kwa askari tisa wa kikosi maalumu cha Uingereza na walinzi wachache waliokuwa nao, mpaka ndege za Sultani zilipopita chini ya mawingu.

Na mwezi Aprili mwaka huo huo wa 1972, jeshi lilitua Sarfait, juu ya majabali ya mpakani na Yemen, katika operesheni iliyopewa jina la Simba. Simba, Kiswahili kitupu. Ami alipolitamka jina hilo kijana wetu aligeuka kwa mshangao. Ameishi Omani maisha yake yote na hakuwa amelisikia.

Hawakushinda peke yao, na hili pia liwekwe wazi kwenye maelezo ya ziara. Waingereza walitoa maafisa na wakufunzi. Shah wa Iran alileta majeshi, na Desemba 1973 wakaifungua barabara ya Salalah kwenda Thumrait. Jordan ikatoa askari. Mwaka 1974 ulijengwa uzio wa seng'enge na mabomu ya ardhini, kilomita 53 kutoka pwani ya Mughsayl kuelekea bara, kukata njia za ngamia waliobeba silaha. Watu wengi walikufa pande zote mbili. Tarehe 11 Desemba 1975 Sultani Qaboos akatangaza kwamba vita vimekwisha. Ndiyo ile tarehe niliyosema muishike: mpaka leo ni siku ya majeshi ya Omani, na ndiyo aliyoichagua kuyafungua makumbusho haya.

Kuhusu msamaha, mfano mmoja unatosha. Yusuf bin Alawi alikuwa katika harakati za ukombozi wa Dhofar ujana wake. Alirudi baada ya 1970, akatumwa kazi za ubalozi, na mpaka 2020 alikuwa waziri anayesimamia mambo ya nje ya nchi ile ile aliyokuwa akiipinga. Kiongozi wa jeshi mimi nampima hapo, kwa anavyomfanya aliyemshinda. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne watalijadili hili muhula ujao, na watalijadili pamoja na upande wa pili: kwamba Qaboos alikuwa mfalme, amiri jeshi mkuu na waziri mkuu kwa pamoja, vyama vya siasa havikuruhusiwa, na mwaka 2011 vijana wa Sohar walitoka barabarani kudai kazi na kulalamikia ufisadi. Mtu aliyetawala miaka 50 kasoro ana mengi ya kuulizwa.

Tulipotoka, Ami alikwenda kukaa karibu na mfereji wa falaj ulioko uwanjani, akatia mkono. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Kijana akamwashiria azime.

Yaliyofuata nayapitisha haraka kwa sababu na wao waliyapitisha haraka. Maskati ya zamani: kasri la Al Alam, na ngome mbili za Wareno, Jalali na Mirani, zimekaa juu ya mwamba kulia na kushoto ya bandari. Kwenye lango la Bab Al Kabir kijana alituambia kwamba mpaka 1970 milango ya mji ilikuwa ikifungwa saa tatu baada ya jua kuzama, na atakayetembea ndani ya mji usiku lazima abebe taa ili uso uonekane. Ami akaongeza kwamba alipofika 1972 milango iko wazi, lakini wazee bado walikuwa wakitoka na fanusi zao kwa mazoea. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 2016 mkabala wa kasri, tulipewa dakika 50. Hazitoshi hata kidogo. Mtu wa Zanzibar peke yake anahitaji saa mbili. Nitarudi kwa miguu yangu.

Chakula tulikila mtaa wa Mutrah. Nguru wa kuchoma, wali wa zafarani, achari ya ndimu, halua na kahawa ya iliki isiyo na sukari. Nguru alikuwa mbichi wa asubuhi ile, nyama inaachana vipande vipande. Aliyetuhudumia alisikia tunazungumza, akaja kutuuliza kwa Kiswahili kama tunataka pilipili ya mbuzi. Mezani Ami alieleza jinsi watu wa Zanzibar walivyoanza kuingia baada ya 1970. Zamani za Said bin Taimur wengi walikuwa wakizuiliwa kurudi. Qaboos aliwaita Waomani wote walioko nje. Nchi ilikuwa na skuli tatu, na kule Unguja, Mombasa na Cairo walikuwako wenye asili yake waliosoma, wanaojua Kiingereza, hesabu, uuguzi, taipureta. Wakaingia wizarani, polisi, kwenye kampuni ya mafuta, maskulini. Wengine Kiarabu chao kilikuwa cha kusalia tu, wakachekwa, wakajifunza. Hili nalo halimo kwenye maelezo ya ziara, wakati kijana anayetoa maelezo ni mjukuu wao.

Mwisho ni Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa 2001. Tulifika alasiri, Ami akasali, nami nikasali upande wa wanawake. Ni jengo la kukuliza kwa uzuri, sitaki kulidharau. Lakini pale kijana alipata sauti yake yote: zulia la mita 60 kwa 70, uzito wa tani 21, wanawake 600 wa Kiirani walilifuma kwa miaka minne, taa ya thuraya ya kuning'inia yenye urefu wa mita 14. Dakika 90 nzima. Dakika 90 za zulia, na sentensi moja kwa 1970. Ndiyo nyota yangu ya tano hiyo. Watu wa utalii wanadhani mgeni anataka vinavyong'aa. Wapo wanaotaka. Ila mimi niliona nyuso za watu wawili pale Bait Al Falaj, askari na kijana, walivyomsikiliza karani wa stoo akieleza mabomba, na hakuna aliyetazama saa.

Kaburi la Qaboos haliko kwenye ziara, na ni sawa. Alifariki 10 Januari 2020, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo yaliyoko mtaa wa Ghala, Maskati, kwa sanda na dua kama Muislamu mwingine. Hakuacha mtoto. Siku ya pili yake ilifunguliwa barua aliyoiacha imefungwa, ikamtaja binamu yake Haitham bin Tariq, na nchi ikaendelea na kazi.

Kwa mnaokuja: valini nguo za heshima, kina mama mtandio wa kufunika nywele kwa ajili ya msikiti. Wasio Waislamu huingia msikitini asubuhi tu, kwa hiyo mkiwa na rafiki asiye Muislamu mpangilio ubadilike tangu mwanzo. Miezi ya joto msijaribu na mzee. Mwenye goti bovu asiogope, kile kibao kipo. Na mkifika 1970, ulizeni.

Jioni ile kijana alipotushusha nyumbani alimuuliza Ami kama anaweza kuja siku nyingine, bila gari la kampuni, amwandike. Ami akamwambia aje Ijumaa baada ya swala, wale pamoja. Alikuja, na daftari jipya la kurasa 96. Ami alilichukua kwanza yeye, akalifungua ukurasa wa katikati ili karatasi iwe pana, akaomba penseli, akaanza kuchora njia kutoka stoo ya Salalah kupanda mlimani, kila kisima na duara lake.